Mdagu Uliochanua Nyuma ya Timbo

Najua mtakavyosema. Mtasema huyu si yule kijana wa Mjambere aliyewaambia watu kuna nyangumi amekwama kivukoni Likoni, wakafunga maduka kwenda kumtazama? Ndiye mimi. Nimesema uongo mwingi, na mwingine ulikuwa mzuri kiasi cha kustahili zawadi. Lakini haya ninayoyaandika yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na lau ningekuwa nayatunga ningejipa sehemu bora kuliko niliyokuwa nayo. Basi nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mcheke mkitaka.

Yote yalianza na ua la uongo. Mwalimu wetu wa elimu ya mimea, Mwalimu Mwakio, ni Mtaita wa huko Voi, mtu mpole anayependa majani kama wengine wapendavyo biriani. Alitaka kila mwanafunzi alete mmea mmoja pamoja na karatasi ya maelezo: shina lake, jani lake, ua lake, mbegu yake, na mstari wa mwisho, mahali unapoota. Mimi nilichukua kijiti cha muhogo, nikakifunga maua ya mjohoro kwa uzi, nikaandika kwamba huo ni mmea adimu wa visiwa vya Lamu, huchanua mwezi unapoandama. Mwalimu, kwa wema wake, akauweka mbele kabisa siku alipokuja mkaguzi. Mkaguzi akaugusa. Ua likabaki mkononi mwake, na uzi unaning'inia.

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Mwakio hakucheka wala hakunipiga, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia Jumatatu nije na mmea wa kweli ambao mwenzangu yeyote hajauleta, na maelezo ya kweli kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nisipokuja nao, nisirudi skuli. Mwalimu mkuu naye akamuunga mkono. Mniamini, sikuwa na pengine pa kwenda. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa akihesabu miaka yangu ya skuli kama mtu anayehesabu siku za mfungo, na vijana wa mtaani kwetu waliofukuzwa skuli wote walikuwa mahali pamoja, timboni, wakivunja mawe.

Wenzangu walikwisha kuleta kila kitu. Mwarubaini ulikuja mara sita. Mlangilangi, mkwaju, mpaka magugu ya nyuma ya choo yalikuwa na karatasi zao. Jumamosi nikachukua jembe dogo la bibi la kuchimbia mizizi, maana bibi hujua dawa za mitishamba, nikaelekea nyuma ya timbo la zamani, kule ambako mawe yamekwisha kuchongwa na watu wamehama, pakabaki miamba ya matumbawe na vichaka. Bibi alikuwa amelala. Angekuwa macho angenikumbusha sharti lake ambalo nimelisikia tangu nikiwa mdogo. Huendi kuchimba mzizi wa mtu kimya kimya. Unapiga hodi, kama nyumbani kwa watu. Hodi ni tatu. Moyo wako ukitulia, chimba. Usipotulia, rudi kwenu. Na saa ya jua la utosini usiende kabisa, kwani hiyo ni saa ya wenyewe.

Saa hiyo ndiyo niliyokwenda.

Ilikuwa kiangazi. Vichaka vyote vilikuwa vimekauka rangi ya mkeka mkuukuu, na hata mbuzi walikuwa wamekata tamaa. Nikazunguka mwamba mmoja, nikauona. Sikujua jina lake wakati ule. Shina lilikuwa limevimba chini kama mtungi, la kijivu, laini, limebana katika ufa wa jiwe mahali ambapo hata mchicha usingeshika. Kutoka kwenye huo mtungi yametoka matawi mafupi manene, mfano wa vidole vya mtu aliyevimba mkono. Jani hakuna, hata moja. Na juu ya hizo ncha zisizo na majani, maua. Rangi ya waridi iliyokoza pembeni, ikififia kuelekea katikati mpaka nyeupe, petali tano, na koo refu kama tarumbeta. Kila kitu kilichokuwa hai kilikuwa kimejificha jua, na huo mti ulikuwa umevaa nguo za harusi.

Nikapima kimo chake kwa kamba, nikaandika kwa penseli yangu nyekundu. Penseli hiyo kumbukeni. Kuzunguka shina kulikuwa na mawe madogo yamepangwa, nami nikayasukuma kwa mguu ili nipate nafasi ya kuchimba. Sikujiuliza nani aliyeyapanga. Ningejiuliza nini? Nilikuwa nimekwisha kuiona sura ya Mwalimu Mwakio siku ya Jumatatu.

Halafu nikakumbuka sharti la bibi, na shetani wa mzaha akanipanda. Nikanyoosha mgongo, nikaweka mkono kifuani kama mgeni mwenye adabu zake. "Hodi," nikasema. "Hodi. Hodi, wenyewe." Kisha nikabana pua, nikatoa sauti ya kikongwe, "Karibu, mwanangu, pita ndani, usivue viatu."

Nikacheka peke yangu, nikaanza kuchimba.

Mizizi haikwenda mbali. Ilikuwa minene, imejaa maji kama viazi, imetambaa ndani ya ufa ikifuata udongo kidogo uliokuwepo. Mmoja ulikatika ukatoa utomvu, na nikawa nafuta mikono kwenye suruali, kwani bibi amenifunza mti wenye utomvu usiujue kwa ulimi wala kwa jicho. Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anauliza, taratibu, kama anayeuliza saa:

"Aliyekukaribisha ni nani?"

Nikageuka. Mwanamke alikuwa amekaa juu ya jiwe, hatua tano hivi. Si mzee. Amevaa hando, ile nguo nyeupe ya marinda wanayovaa akina mama wa bara, na kifua amejifunga leso. Nikadhani ni mama wa watu aliyetoka kuokota kuni. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika marahaba. Basi mimi, kwa kuwa mdomo wangu huwa unakwenda mbele yangu, nikamjibu kwamba aliyenikaribisha ni mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba ni mimi," akasema. "Na mimi sikuitika."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na kicheko hicho ningekuwa na uwezo wa kukirudisha kinywani ningekirudisha. Nikajisemea huyu maskini jua limempiga. Yeye hakukasirika. Alikuwa akiutazama ule mti uliokwisha kulala ubavu, kama mtu anayetazama mzigo wake unapakiwa katika gari lisilo lake.

"Ukiuondoa huu," akaniuliza, "akija, atanijuaje?"

Nikainama kufuta utomvu uliokuwa ukinitiririkia kwenye kifundo cha mkono. Nilipoinua uso, jiwe lilikuwa tupu. Mahali pale ni wazi, hakuna kichaka ambacho mtu angejificha hata akiwa mtoto. Nikalisogelea lile jiwe. Palikuwa na vumbi jekundu, alama za nyayo mbili, wekundu wa matofali. Na kwetu Mjambere ya Kisauni, nyuma ya timbo, niambieni nyinyi wenyewe, udongo mwekundu uko wapi? Pale ni jiwe jeupe na unga wa jiwe jeupe.

Mtu mwenye akili angeuacha mti. Mimi niliubeba nikakimbia nao, na penseli yangu ikabaki kulekule. Hofu nilikuwa nayo, lakini hofu ya timbo ilikuwa kubwa zaidi.

Nilipofika nyumbani nikapiga hodi. Bibi alikuwa uani anachambua mchele, hatua mbili kutoka mlangoni, na masikio yake husikia mpaka yale tunayoyawaza. Hakuitika. Nikapiga ya pili. Kimya. Ya tatu ndipo akainua kichwa, akaniuliza kwa nini nasimama mlangoni kama mdai na sipigi hodi.

Jumatatu nikaupeleka mti skuli ndani ya debe. Mwalimu Mwakio alipouona alisimama kwanza. Akazunguka meza. Akaugusa ule mtungi wa chini kwa kidole, kama watu wanavyogusa shavu la mtoto wa ndugu yao waliyeachana naye siku nyingi. "Mdagu," akasema. Akatueleza darasa zima. Mti huo ni wa nchi kavu, toka Mariakani kwenda Taru hadi kwao Voi, huko kwenye udongo mwekundu na mawe yasiyotuamisha maji. Mvua ikija hunywa na kuweka akiba katika shina, mvua ikikatika hutupa majani yote ili usipoteze kitu, na miti mingine inapokata tamaa wenyewe ndio huchanua. Maji mengi huuozesha. Utomvu wake ni sumu, wawindaji huko juu wameupaka mishale tangu zamani, na mbuzi huupita mbali. Mbegu zake zina vishungi vya manyoya kila upande ili upepo uzibebe.

Kisha akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia nyuma ya timbo, Mjambere. Akanitazama kama anayelitafuta tena lile ua la uzi.

"Kaskazi inatoka baharini," akasema. "Kusi inatoka baharini. Upepo gani ulioleta mbegu hii kutoka bara? Mti huu hauji Kisauni wenyewe. Nani aliuleta?"

Nilikuwa nimeyakumbuka mawe yaliyopangwa. Mwalimu akaichukua karatasi yangu, akapitia shina, jani, ua, mbegu, akasahihisha sehemu mbili, akafika mstari wa mwisho. Mahali unapoota. Nilikuwa nimeuacha wazi. Akanirudishia. Akanipa wiki mbili niujaze kwa ukweli, na mpaka hapo mimi si mwanafunzi wala si mfukuzwa.

Wiki hizo mbili sikuenda nyuma ya timbo. Mdagu ulikaa dirishani mwa darasa, ukadondosha maua yake yote siku ya pili, ila moja. Na kila mlango niliopiga hodi, hodi ya kwanza ilianguka chini kama jiwe kisimani. Vibarazani wazee walikuwa wakibishana mwaka ule, Uhuru ukija, Pwani itakuwa ya nani, nani mwenyeji, nani mgeni, nani aliletwa na nani alikuja mwenyewe. Zamani ningepita nikawachokoza. Sasa nilikuwa nikisimama nikiwasikiliza nikifikiria debe langu.

Jumamosi ya pili nikarudi nyumbani nikamkuta mgeni uani kwetu, anakunywa maji. Mduruma wa kwao Mariakani, mvi zimemwingia kidogo, mkongojo wa mpingo pembeni. Bibi akaniambia huyu ni Mzee Nyawa, zamani alichonga mawe timboni, na kila kiangazi huja kuzuru kaburi la mkewe. Safari hii hakuliona. Watu wa kuchoma chokaa walikuwa wamefyeka vichaka vyote kwa ajili ya tanuri lao na kuchimba matumbawe, na mahali penyewe pamebaki mashimo. Bibi akaniamuru niende nikamsaidie kutafuta, macho yangu ni ya ujana.

Njiani mzee alinieleza bila mimi kumuuliza. Mkewe aliitwa Mbeyu. Alikuja kuishi naye Mjambere wakati wa kazi ya timbo, akafa kwa uzazi yeye na mtoto, masika, barabara zimekatika, na hakuweza kumsafirisha. Kwa mila yao mtu huzikwa kwao. Alimlaza hapo nyuma ya timbo kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Kiangazi kilichofuata akaja na mti begani kutoka nyumbani, umefungwa gunia, na udongo wake.

"Nilishindwa kumrudisha kwao," akasema, "nikamletea kwao. Mdagu wa mlangoni ukichanua kule, najua na wake umechanua. Basi huja."

Nikamwambia sijawahi kuuona mti wa namna hiyo. Ndivyo nilivyosema. Ulimi ulitoka wenyewe, kwa mazoea.

Tukafika. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Wallahi sikupajua. Miamba ilikuwa imevunjwa, majivu kila mahali, na mashimo, ishirini, thelathini, yote yanafanana, nusu yamejaa kifusi. Hata lile jiwe la mwanamke halikuwepo. Mzee Nyawa akaanza kwenda shimo hadi shimo. Kila moja anainama, anagusa kando zake, anatikisa kichwa, anajisogeza na mkongojo. Hakulalamika. Alikuwa akisema peke yake, pole pole, "Si hapa. Si hapa." Nikamhesabia mashimo tisa. La kumi sikuweza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mkaguzi, uzi, debe, na ile karibu niliyojikaribisha kwa kubana pua. Ya mwanamke pia nikamwambia, na alichouliza. Nilikuwa nimejikunja nikingoja mkongojo. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kitako juu ya majivu.

"Alikuwa na hando?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile nyeupe." Akapangusa majivu kwenye mkongojo. "Umeukata mzizi?"

"Mmoja tu."

"Basi haujafa. Mdagu hukaa miezi bila udongo. Nenda kaulete."

Nilikimbia mpaka skuli, nikaingilia dirishani, nikarudi na mti kichwani, ua lake moja limeshika. Lakini mti tulikuwa nao, pahali hatukuwa napo. Angeupanda juu ya nani? Nilitaka kusema tuchague shimo lolote, nani atajua. Nikamtazama usoni, nikameza maneno.

Ndipo mzee akaniambia nipige hodi. Nilimwomba apige yeye. Akakataa. Akasema aliyeingia bila kukaribishwa ndiye arudi mlangoni.

Nikaanza. Nikiwa na mti kichwani, nasimama penye kila shimo, hodi tatu, nangoja, naendelea. Mnaweza kucheka. Hata mimi, kwa mbali, nilijiona: kijana mzima na debe, anabisha hodi mashimoni mchana kweupe. Lakini mzee alikuwa akinifuata amevua kofia. Shimo la kumi na saba au kumi na nane, sikumbuki, lilikuwa limejaa kifusi hadi juu, hata si shimo tena. Nikapiga hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nikasikia upepo, na nyundo za watu wa chokaa kwa mbali. Nikanyanyua mguu niondoke.

"Simama," akasema mzee. "Ni hapa."

"Umejuaje?"

"Ameitika."

Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa jina lake. Mimi niliyemwona kwa macho yangu, niliyesema naye, sikusikia kitu. Nilidhani, niwaambie kweli, amenihurumia. Nilidhani amechoka na jua, akachagua. Tukaanza kutoa kifusi kwa mikono. Kwenye urefu wa mkono hivi nikaona kitu chekundu kati ya unga wa mawe, nikakitoa. Penseli yangu.

Mzee aliupanda mwenyewe. Akauingiza ufani, akaufukia udongo mwekundu aliokuja nao katika kifuko, akayapanga mawe mapya, mimi nikimletea. Alisema na mkewe kwa Kiduruma, maneno marefu, sikuuliza. Halafu akaniuliza skuli yetu wanataka nini hasa kuhusu mti huu, nikamwonyesha ile karatasi iliyokunjika mfukoni, mstari wake wa mwisho wazi. Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Akasema hilo mbona ni swali jepesi.

Jumatatu nilikwenda kwa Mwalimu Mwakio mikono mitupu. Nilikuwa na karatasi tu. Niliandika: *Mahali unapoota: nchi kavu, Mariakani mpaka Voi, udongo mwekundu na mawe. Na Kisauni, pahali pamoja tu, juu ya Mbeyu mke wa Nyawa, kwa sababu uliletwa.* Akaisoma. Akatazama dirishani ambapo debe halikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa timbo. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye kitabu chake yeye, si kwenye faili la darasa.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa. Mpaka leo nimekaa, mwaka huu ni wa mtihani.

Lakini hodi yangu haijarudi. Ya kwanza haisikiki. Hata kwa bibi, hata dukani, hata nikipiga kwa sauti ya kuamsha mtaa, ni ya pili au ya tatu ndiyo inayoitikiwa, na jirani yetu mmoja husema kijana huyu mdomo wote huo mtaani, mlangoni ana sauti ya panya. Nacheka nao. Kiangazi hiki mdagu umechanua tena. Nilikwenda kabla mzee hajaja, nikazoa majani makavu, nikasimama hatua tano mbali, nikapiga hodi tatu na kungoja mpaka kivuli changu kikaanza kurefuka. Hakuna aliyeniitikia. Nikarudi nyumbani, kama nilivyofunzwa.

Basi wewe unayesoma, ukikuta mti umechanua mahali usipokuwa na sababu ya kuwepo, kwanza tazama chini kama kuna mawe yamepangwa. Uliza nani aliuleta. Ukipiga hodi, ngoja. Na ukingoja usisikie kitu, nakusihi, usijiitikie mwenyewe.